Simu ya Mkononi na Msafiri wa Nchi Jirani

(Mazungumzo mbele ya watumishi wa umma na walimu)



Mtu asikiapo kwamba mazungumzo ya leo yanahusu simu ya msafiri avukaye mpaka, huenda akadhani kwamba jambo lenyewe ni dogo, tena ni la wafanyabiashara wakubwa na watalii. Sivyo. Kila siku wako wananchi wa kawaida wanaovuka mpaka kwenda nchi jirani na kurudi. Yuko mwalimu wa Tarakea avukaye kwenda Loitokitok kumwona dada yake aliyeolewa huko. Yuko mkulima wa Sirari apelekaye mahindi Isebania siku ya soko. Yuko mzazi ampelekaye mtoto hospitali mjini Nairobi, na yuko ofisa aliyeagizwa kuhudhuria mkutano wa siku 3 mjini Kampala. Wote hao huenda mara moja moja, hukaa siku chache, kisha hurejea makwao. Na wote hukutana na swali moja: watazungumzaje na nyumbani bila ya kumaliza fedha zao zote katika simu?

Swali hili halina budi kuchukuliwa kwa uzito. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulichorwa na Waingereza na Wajerumani katika mapatano ya mwaka 1886, ukakamilishwa katika mapatano ya mwaka 1890. Walioukata hawakumwuliza Mdigo, wala Mmasai, wala Mkurya, ambao ndugu zao waliachwa upande wa pili. Kwa watu hao kuvuka mpaka ni kwenda kwa jamaa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai, mwaka 2010, ilikusudia kurahisisha mwendo huo wa watu na bidhaa. Lakini msafiri akiisha kugongewa muhuri Namanga au Holili, mara simu yake humkumbusha kwamba yuko ugenini, na humkumbusha kwa kumla salio.

Kwanza yafaa ieleweke gharama hiyo hutoka wapi. Laini ya simu ya Tanzania, ikivukishwa mpaka, haina mnara wake huko. Huomba hifadhi kwa kampuni ya nchi ile, na kampuni ile huikaribisha kama mgeni. Huduma hiyo wataalamu huiita romingi, yaani kutumia laini ya nyumbani katika mtandao wa ugenini. Kampuni mwenyeji huidai kampuni ya nyumbani malipo ya ukarimu wake, na kampuni ya nyumbani humdai msafiri malipo hayo pamoja na faida yake. Kwa hiyo msafiri hulisha kampuni mbili kwa mazungumzo yale yale.

Liko jambo la pili ambalo wengi hawalijui mpaka limewafika. Ndugu aliyeko Moshi akimpigia msafiri aliyeko Nairobi kwa namba yake ya kawaida ya Tanzania, yule apigaye hutozwa bei ya simu ya ndani ya nchi, kwa kuwa hajui kama mwenzake amevuka. Lakini mazungumzo yale hufika kwanza Tanzania, kisha husafirishwa hadi Kenya. Safari hiyo ya pili lazima mtu ailipie. Mahali ambapo hakuna mapatano ya kuiondoa ada hiyo, anayeilipia ni yule aliyepokea. Ndiyo maana mtu aliyekwenda kumwuguza mgonjwa, akapokea simu za jamaa 10 wanaomwuliza hali, hujikuta hana salio la kuomba fedha za dawa. Jamaa wamempiga kwa mapenzi, na mapenzi yao yamemkatia mawasiliano saa ile anapoyahitaji kuliko saa zote.

Je, hali hii ni ya lazima? Historia ya Afrika Mashariki yenyewe inajibu kwamba si ya lazima. Kabla ya mwaka 1977 huduma za posta na simu za Tanzania, Kenya na Uganda ziliendeshwa na shirika moja la umma la Jumuiya, ambalo makao yake makuu yalikuwa Kampala. Jumuiya ilipovunjika mwaka huo kila nchi iliunda shirika lake. Hata hivyo alama ya undugu ilibaki katika namba: mtu wa nchi hizi aliendelea kupiga 005 kuitafuta Kenya, 006 kuitafuta Uganda, na 007 kuitafuta Tanzania, bila kupitia namba ndefu za kimataifa.

Simu za mkononi zilipoenea, kampuni ya Celtel, iliyoasisiwa na Mo Ibrahim, mzaliwa wa Sudan, iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Tanzania na Uganda mwezi Septemba mwaka 2006. Mteja wake aliyevuka mpaka aliweza kupokea simu bila malipo, kupiga kwa bei ya wenyeji, na kuongeza salio kwa vocha ya nchi aliyomo.  Jambo kubwa lililobadilika kwa mteja ni malipo. Kampuni hiyo baadaye iliitwa Zain, na tangu mwaka 2010 ikawa Airtel.

Serikali nazo zikafuata. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2014 na mwanzoni mwa mwaka 2015, Kenya, Rwanda, Uganda na Sudan Kusini zilianzisha eneo la mtandao mmoja. Ziliondoa tozo za ziada juu ya simu zinazotoka nchi moja hadi nyingine miongoni mwao, zikamwondolea msafiri ada ya kupokea, na zikaweka kikomo cha senti 10 za Marekani kwa dakika kwa apigaye. Mtu azungumzaye dakika 20 kwa siku, kwa siku 5, atakuwa amezungumza dakika 100, na kwa kikomo hicho hatalipa zaidi ya dola 10. Watu walizungumza mara nyingi zaidi kuliko zamani, jambo lililothibitisha kwamba awali walinyamaza kwa sababu ya bei, wala si kwa kukosa la kusema. Tanzania haikuwamo miongoni mwa nchi hizo 4 za mwanzo. Barani Ulaya safari hiyo hiyo ilianza kwa sheria ya mwaka 2007 iliyopunguza bei, ikafikia tarehe 15 Juni, mwaka 2017, ada za ziada zilipoondolewa katika nchi za Umoja wa Ulaya.

Mafunzo ya historia hiyo ni dhahiri. Bei ya simu ugenini si kama mvua au kiangazi, ambavyo binadamu hawezi ila kuvipokea. Bei hiyo ni matokeo ya mapatano, na mapatano hufanywa na watu. Lakini wakati mapatano yanasubiriwa, msafiri wa kesho asubuhi anataka kujua afanye nini. Yafaa aelezwe njia zilizopo, maana njia moja haifai kwa safari zote.

Njia ya kwanza ni ya yule avukaye asubuhi na kurudi jioni. Huyu hana haja ya kununua chochote. Abaki na laini yake ya nyumbani, aulize kampuni yake kabla ya kuondoka kama huduma ya ugenini imefunguliwa na bei yake ni ipi, kisha aitumie kwa ujumbe mfupi wa maandishi badala ya maongezi. Kupokea ujumbe mfupi ugenini mara nyingi hakutozwi, na kutuma huwa nafuu kuliko kupiga. Awaambie watu wa nyumbani tangu jana yake kwamba wasipige ila kwa dharura.

Njia ya pili ni ya yule atakayekaa siku 2 au 3 katika shughuli za kikazi. Kampuni za simu huuza vifurushi maalumu vya kutumia ugenini, vyenye dakika na data kwa muda maalumu. Kifurushi cha namna hii mara nyingi ni nafuu sana kuliko kutumia salio tupu. Kinunuliwe kabla ya kuvuka, na masharti yake yasomwe: kinatumika nchi zipi, katika mtandao upi wa nchi hiyo, na kinakwisha lini. Kifurushi kilichonunuliwa kwa ajili ya Kenya huenda kisifanye kazi Uganda. Kuuliza si ujinga.

Njia ya tatu ni ya yule atakayekaa juma moja au zaidi, au arudiaye nchi ile ile mara kadhaa kwa mwaka. Kwake yeye dawa ni laini ya wenyeji. Kadi yenyewe ni ya bei ndogo, na akiisha kuwa nayo hupiga simu za ndani kwa bei ile ile alipayo mwenyeji. Zaidi ya hayo, nchini Kenya laini ni mkoba wa fedha. M-Pesa ilianza huko mwezi Machi mwaka 2007, na leo nauli, chakula na malazi hulipwa kwa njia hiyo. Mgeni aliyesajili laini kwa pasipoti anaweza kufunguliwa huduma hiyo pia, akaepuka kutembea na noti mfukoni katika mji asioujua.

Lakini laini ya wenyeji ina mtego wake. Ukiitumia kupiga nyumbani, hiyo ni simu ya kimataifa, na bei yake huweza kuwa kubwa. Kwa hiyo matumizi bora ya laini hiyo ni kununua data, na kuzungumza na nyumbani kwa njia ya intaneti. Maongezi ya sauti kwa WhatsApp hutumia chini ya megabaiti 1 kwa dakika, na maandishi hutumia kidogo zaidi ya hapo. Tena WhatsApp huendelea kutumia namba ile ile ya nyumbani hata kama laini ya ugenini ndiyo iliyomo ndani ya simu, mradi msafiri asikubali kubadili namba anapoulizwa na programu.

Hapa huenda mtu akauliza: na mama aliyeko kijijini mwenye simu ndogo ya vitufe, isiyo na intaneti, atafikiwaje? Swali hilo ni la haki, maana ndilo linalowahusu wengi. Jibu ni kupanga mapema. Msafiri achague jirani au kijana mmoja kijijini mwenye simu ya intaneti, wakubaliane saa, kwa mfano saa 2 usiku, na mama awepo saa hiyo. Pasipo mtu wa namna hiyo, ujumbe mfupi mmoja kwa siku kutoka laini ya nyumbani watosha kumjulisha kwamba mambo ni salama.

Njia zote hizi huwa rahisi iwapo simu yenyewe inapokea laini mbili. Simu za Tecno na itel, zinazotengenezwa na kampuni ya Transsion ya China, ndizo zilizosaidia sana kuieneza simu ya laini mbili katika Afrika, na ziko hata simu ndogo za vitufe za namna hiyo kwa bei ambayo mtumishi wa kima cha chini anaimudu. Simu inayofanya kazi Tanzania hufanya kazi Kenya na Uganda, kwa kuwa nchi hizi hutumia masafa ya namna moja. Hakuna haja ya kununua simu mpya kwa ajili ya safari. La kuangalia ni kwamba simu isiwe imefungiwa mtandao wa kampuni moja tu. Wale wenye simu za kisasa zaidi wanaweza kupata laini isiyo na kadi, inayoandikwa ndani ya simu yenyewe, lakini waulize kwanza kama simu yao inaikubali.

Laini ya nyumbani isitupwe wala isiachwe kwenye droo. Bura yangu sibadili na rehani. Namba hiyo ndiyo inayopokea tarakimu za siri za benki na taarifa za fedha kwa simu, na laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na kampuni. Ibaki ndani ya simu, ipokee ujumbe, na iwekewe salio dogo la dharura. Salio likiisha, ndugu aliyeko nyumbani anaweza kuliongeza kutoka huko huko kwa namba ile ile. Kwa upande wa fedha, tangu mwaka 2015 watumiaji wa M-Pesa ya Vodacom nchini Tanzania na ya Safaricom nchini Kenya waliwezeshwa kutumiana fedha kuvuka mpaka. Aliyekwama aulize ada kabla ya kuitumia njia hiyo.

Ziko hadhari 3 ambazo mwalimu akizijua atawafundisha na wengine. Ya kwanza ni kuzima data ya laini ya nyumbani kabla ya kufika mpakani. Simu za kisasa hujisasisha zenyewe, huvuta picha na habari mwenyewe akiwa amelala. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Kuna mahali katika mipangilio ya simu pa kukataza matumizi ya data ugenini. Hapo ndipo pa kwanza kuangaliwa.

Ya pili inawahusu wakaao mpakani hata kama hawavuki. Mawimbi ya mnara hayajui mpaka. Simu ya mtu aliyeketi nyumbani kwake Namanga au Tarakea huweza kukamata mnara wa upande wa pili ulio na nguvu zaidi, ikahesabiwa kuwa imesafiri. Dawa yake ni kuingia katika mipangilio na kuchagua mtandao kwa mkono, badala ya kuiachia simu ichague yenyewe.

Ya tatu ni sheria. Nchini Tanzania kila laini lazima isajiliwe, na tangu mwaka 2019 usajili hufanywa kwa alama za vidole. Wananchi hutumia namba ya kitambulisho cha taifa, na wageni hutumia pasipoti. Kenya na Uganda nazo zinadai usajili. Msafiri asikubali kuuziwa barabarani laini iliyokwisha kusajiliwa kwa jina la mtu mwingine, hata kama muuzaji amemsihi kwamba ndiyo haraka. Laini ya namna hiyo ikiwa imetumika katika wizi au utapeli, aliyeikamata mkononi ndiye atakayeulizwa. Vile vile asimpe mtu mwingine laini iliyosajiliwa kwa pasipoti yake anaporudi nyumbani. Aende kwenye duka la kampuni au kwa wakala anayetambuliwa, na akiwa hana haja nayo tena aombe ifungwe.

Ndugu, yote yaliyosemwa hapa ni busara ya mtu mmoja mmoja, na busara hiyo ni ya lazima. Lakini haitoshi. Si haki kwamba ujuzi wa kuzima na kuwasha mipangilio ndio uwe kinga pekee ya mkulima dhidi ya bei asiyoijua. Kampuni za simu zina wajibu wa kumpelekea msafiri bei kamili kwa Kiswahili, kwa ujumbe mfupi, mara tu simu yake inapokamata mtandao wa ugenini, na kumwonya kabla salio halijamalizika. Bei iandikwe kwa shilingi na kwa dakika, isifichwe katika masharti marefu yasomwayo na mawakili tu.

Wakuu wa idara nao wana sehemu yao. Mtumishi anayetumwa kikazi nchi jirani asiachwe agharimie mawasiliano ya ofisi kwa mshahara wake. Gharama hiyo ihesabiwe mapema, na iliyo nafuu, yaani kifurushi au laini ya wenyeji, ichaguliwe kwa pamoja. Mtumishi naye atunze risiti. Mali bila daftari huisha bila habari, na fedha hizo ni za wananchi.

Walimu wana nafasi ambayo mwingine hana. Katika vijiji vya mpakani mwalimu ndiye asomaye masharti ambayo wengine huyapita. Somo la hesabu darasani laweza kulinganisha bei ya dakika 10 kwa laini ya nyumbani na kwa laini ya wenyeji. Somo la uraia laweza kueleza usajili wa laini na sababu zake. Mtoto aelewaye hesabu hiyo atamwokolea mzazi wake fedha za kilo kadhaa za sukari.

Na kwa wale wenye dhamana ya kufanya mapatano kati ya nchi na nchi, kipimo cha kazi yao ni rahisi. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyofufuliwa kwa mkataba uliotiwa saini tarehe 30 Novemba, mwaka 1999, haikuundwa kwa ajili ya mikutano ya viongozi peke yake. Iliundwa kwa ajili ya mama wa Sirari na mzazi aliyeketi katika ukumbi wa hospitali mjini Nairobi, akingoja habari za mwanawe. Siku mzazi huyo atakapoweza kupokea simu ya jamaa zake bila ya kutazama kwanza salio lake, hapo ndipo atakapojua, bila kuhubiriwa na mtu, kwamba jirani ni ndugu.

Hadi siku hiyo ifike kwa wote, kila aendaye aulize bei kabla ya kuvuka, azime data, abaki na laini yake, na anunue ya wenyeji kwa jina lake mwenyewe. Na kila mwenye kauli katika vikao vya umma aendelee kudai kwamba bei ishuke.